Daktari wa mzio wa mtoto amehama: namna ya kuomba rufaa kwa bingwa mwingine ukiwa Kigoma

Daktari aliyekuwa akimwona mwanao amehamishwa, amekwenda masomoni au ameifunga kliniki yake ya jioni. Mtoto bado anavimba midomo akila samaki au karanga, na wewe uko Ujiji, Gungu, Uvinza au Buhigwe. Kila mzazi huanza kwa kuuliza bingwa wa mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, yuko wapi. Ningekushauri swali hilo uliweke pembeni. Madaktari waliosomea mzio peke yake ni wachache mno Tanzania, na ukimngoja mwenye cheo hicho utazunguka sana. Kwa mtoto, kazi hiyo huifanya daktari bingwa wa watoto, mara nyingine akisaidiana na wa ngozi, wa kifua, au wa masikio, pua na koo. Tafuta mtu anayeichukua historia ya mtoto kwa utulivu, aliye kwenye hospitali yenye kipimo na wodi ya kumwangalia mtoto akilishwa chakula anachoshukiwa nacho. Kumfikia mtu huyo kunaanza na barua ya rufaa, na barua nzuri inatokana na unachokwenda nacho mkononi.

Yote yanayofuata ni ya mtoto aliyetulia. Akianza kupumua kwa shida, sauti ikikwama, akilegea, au akitapika mfululizo huku vipele vimemtoka mwili mzima baada ya kula, mkimbize kituo cha karibu chenye sindano ya adrenalini. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dawa ya vipele, kama setirizini, haitoshi hapo, na barua ya rufaa hakuna atakayekuuliza.

Anza pale ulipokuwa ukitibiwa

Nenda kwenye kliniki ya zamani uombe muhtasari wa matibabu: mtoto aligundulika na nini, kwa kipimo gani, dawa zipi na kwa kiasi gani, lini alilazwa. Omba na nakala za majibu ya maabara, si maelezo ya mdomo. Taja namba ya faili kama unayo. Kama hukuitunza, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na mwezi wa mwisho mliohudhuria vitawasaidia kutafuta. Ukiambiwa daktari mwenyewe hayupo, jibu kwa upole kwamba faili halikuhama naye. Mganga mfawidhi wa kituo anaweza kuagiza daktari mwingine aandike muhtasari huo.

Nyumbani weka pamoja cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki yenye chanjo na uzito, kitambulisho chako cha taifa (NIDA), na kadi ya bima kama ipo. Toa nakala mbili mbili.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo rufaa nyingi hupata au hukosa nguvu. Mzazi akifika na kusema "mtoto ana aleji ya vyakula", daktari hana la kuandika zaidi ya hilo. Mzio wa chakula hutambuliwa kwanza kwa historia. Kipimo huja kuithibitisha. Kwa hiyo nunua daftari dogo na uandike kila tukio hivi:

"Tarehe 14 Machi, saa 1:20 jioni. Amekula ugali na kuhe wa kukaanga, vipande viwili. Saa 1:35 midomo imevimba, vipele vinavyowasha tumboni na mgongoni. Hakutapika, hakukohoa. Nimempa setirizini ya maji, mililita 5. Saa 3 usiku vipele vimeisha. Samaki alinunuliwa Kibirizi asubuhi. Mafuta ni yaleyale yaliyokaangia dagaa mchana."

Mistari hiyo michache inambebea daktari mambo mengi. Dakika kumi na tano kati ya kula na kuvimba zinaelekeza kwenye mzio wa haraka, ambao kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Asubuhi ya Kibirizi nayo ina maana yake: baadhi ya samaki wakikaa joto bila barafu hujaa kemikali iitwayo histamini, na mlaji huwashwa na kuwa mwekundu kana kwamba ana mzio, kumbe ni sumu ya samaki aliyechina. Ndiyo maana ni muhimu kuandika kama waliokula naye sahani moja walipatwa pia. Mafuta ya dagaa yanaeleza kwa nini mtoto anaweza kuvimba siku ambayo samaki hakuwa mezani kabisa.

Andika na vyakula anavyokula bila shida. Mtoto anayekula andazi na chapati hana haja ya kupimwa ngano, na daktari mzuri atafurahi kulijua hilo mapema.

Kisha kichunguze chakula ambacho hakuna anayekitilia shaka: uji. Unga wa lishe wa sokoni huchanganya mahindi, mtama au ulezi pamoja na karanga na soya, na wengine hutia dagaa waliosagwa. Hata ukipeleka mahindi yako matupu mashineni, simama uangalie nani yuko mbele yako. Mama akimaliza kusaga karanga zake, unga uliobaki kwenye mashine unashuka kwenye ndoo yako. Sombe (kisamvu) ya mawese nayo wapishi wengine huitia karanga za kutwanga au dagaa, na ukila ugenini hutaambiwa mpaka uulize. Kama mtoto amewahi kutibiwa utapiamlo, kumbuka kwamba kile chakula dawa cha kwenye pakiti kwa kawaida hutengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Andika alivyokipokea.

Vipele vikitoka, piga picha kwa simu mchana, kwenye mwanga. Siku ya kliniki ngozi itakuwa safi kabisa na utaonekana unatia chumvi.

Maweni kwanza

Kwa mkoa wa Kigoma, ngazi ya kupandia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ukiwa wilayani, anzia zahanati au kituo cha afya, upande hospitali ya wilaya, kisha Maweni. Najua inachosha, na wapo wanaopanda basi moja kwa moja hadi Mwanza. Bila barua utapokelewa kama mgonjwa mpya wa kulipia, na kama una bima, dirisha la bima litakudai rufaa.

Fika mapema, pita mapokezi, ufunguliwe faili, kisha omba kliniki ya watoto. Tumia maneno ya wazi: "Mwanangu alikuwa chini ya daktari bingwa kwa mzio wa samaki, daktari amehama, naomba kuonwa na bingwa wa watoto ili aendelezwe au apewe rufaa." Toa muhtasari, toa daftari. Inawezekana bingwa wa Maweni akatosha, na ikiwa hivyo safari yako imeishia mjini, jambo jema. Uliza pia kuhusu kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa kwenye hospitali za halmashauri; bingwa wa watoto huwa miongoni mwao, na kwa mtu wa Kakonko au Kibondo hiyo ni nauli iliyookolewa.

Barua yenyewe

Daktari akikubali kukuandikia rufaa, isome kabla hujatoka getini. "Food allergy, for further management" (mzio wa chakula, aendelezwe na matibabu) bila kingine ni barua dhaifu, na haki ya kuomba iongezwe unayo. Iwe na majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima, umri na uzito, chakula kinachoshukiwa, kilichotokea na kwa muda gani, dawa anazotumia, kama ana pumu, na swali ambalo bingwa anaombwa kulijibu. Pumu isisahaulike, maana mtoto mwenye pumu isiyotulia yuko kwenye hatari kubwa zaidi mzio ukimpata. Chini kuwe na jina la daktari, saini, tarehe na muhuri wa hospitali. Herufi moja ya jina ikipishana na kadi, irekebishwe palepale. Kuirekebisha ukiwa Mwanza ni adhabu.

Rufaa ya kwenda wapi? Watu wa Kigoma na Tabora wengi huelekezwa Bugando, Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda. Wengine hupelekwa Benjamin Mkapa Dodoma au Muhimbili Dar es Salaam. Kama tatizo kubwa ni ngozi, KCMC ya Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha siku nyingi. Ukiwa na ndugu wa kufikia kwenye mojawapo ya miji hiyo, mwambie daktari kabla hajaandika. Si aibu, ni hesabu.

Fedha na bima

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) apite ofisi ya mkoa au dirisha la bima la Maweni kuhakikisha mtoto yumo kwenye kadi, kadi iko hai, na kipimo cha mzio kinalipiwa au la. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliundwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hiyo usiipangie Bugando. Mtoto wa chini ya miaka 5 yumo kwenye sera ya msamaha katika vituo vya serikali, ila uliza vipimo na dawa zipi zinaguswa. Asiye na uwezo aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa chochote, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Piga simu kabla ya kukata tiketi

Waulize hospitali unayokwenda: kliniki ya watoto yenye bingwa huyo ni siku gani? Mnapima mzio kwa ngozi au kwa damu? Damu inapimwa hapo au inasafirishwa? Bei? Na hili wasipolitaja lichokonoe: dawa zipi niziache? Kipimo cha ngozi hufanywa kwa kudondoshea matone mkononi au mgongoni na kuchoma kidogo, na setirizini, loratadini na wenzake hukizima. Kawaida huachwa karibu wiki nzima kabla, lakini kwa maelekezo ya daktari. Dawa ya pumu ya kupuliza haiachwi. Ukifika mtoto amekunywa setirizini jana, mtarudishwa.

Utakapokuwa unaulizia, utakutana na wanaokuuzia njia ya mkato: mashine ya mwili mzima, mtoto anashika kifimbo na kompyuta inatoa kurasa za majibu, au kipimo cha damu cha kingamwili za IgG, ambacho si kile cha mzio cha hospitali, kinachorudi na orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Hivyo havitambui mzio. Matokeo yake nimeyaona: mtoto aliyenyimwa maziwa, mayai, maharage na ngano kwa mpigo, uzito ukashuka, na samaki anayemvimbisha hakuwa hata kwenye orodha. Ukiwa na wasiwasi na daktari wa kliniki binafsi, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari. Uliza jina lake huko.

Safari

Njia ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hadi Mwanza imekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Chakula cha mtoto kitoke nyumbani chote, na maji ya kunawa. Basi likisimama, madirisha yanajaa karanga, kashata na mayai ya kuchemsha, na jirani mwenye huruma atampa mwanao bila kukuuliza. Mwambie mapema.

Ukionwa

Usiondoke bila kujibiwa: ni mzio kweli, au ni tumbo kushindwa kusaga maziwa? Samaki wote au baadhi? Atapimwa kwa kulishwa hospitalini, na lini? Kipimo cha ngozi au damu kuonyesha chanya peke yake hakutoshi. Wapo wanaopima chanya na kula bila tatizo. Omba mpango wa dharura ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kipimo cha adrenalini kulingana na uzito wake, na majibu ya rufaa ya kurudisha Maweni. Sindano za adrenalini za kujichoma mwenyewe ni adimu na ghali, kwa hiyo uliza ni kituo gani karibu na nyumbani kwako chenye adrenalini muda wote.

Mwenye mzio wa mayai aseme pia kama familia huvuka kwenda Congo. Chanjo ya homa ya manjano, inayodaiwa kwa safari hiyo, hutengenezwa kwenye mayai, na daktari atapenda kulijua hilo kabla ya sindano. Chanjo ya surua haina tatizo hilo, mtoto asiikose.

Ukirudi, nakala moja ya mpango iende kwa mwalimu wa darasa, nyingine kwa mpishi wa uji wa shule, ambaye kwa maoni yangu ni muhimu kuliko mwalimu mkuu. Tarehe ya kurudi kliniki iandike kwenye kadi. Mzio wa maziwa na mayai huwaishia watoto wengi wanavyokua. Wa samaki na karanga mara nyingi hubaki. Kujua umeisha au bado ni kazi ya kitanda cha hospitali, dawa zikiwa mezani, wala si ya bibi na kipande cha samaki mgebuka.