Kumpeleka mzee kwenye kipimo cha kumbukumbu, Tanga

Kipimo cha kumbukumbu ni karatasi, penseli na maswali ya dakika 10 hadi 15. Kinachotumika sana, MoCA, kilichapishwa mwaka 2005 kutoka Kanada, na alama zake ni 30. Kwa ufupi huo, jambo dogo linaharibu mengi. Mzee asiyesikia vizuri ataandikiwa kuwa amesahau neno ambalo hakulisikia kabisa.

Kwa hiyo anza na masikio, wiki moja kabla. Nta ikiwa imejaa, tia matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni asubuhi na jioni, siku 3 hadi 5, kisha aonwe na muuguzi. Sikio linalotoa usaha au lililotoboka ngoma usilitie kitu. Pini na vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani zaidi. Miwani ya kusomea ijaribiwe nyumbani kwa maandishi ya boksi la dawa. Kama mtoto wa jicho amefunika, mwambie mpimaji kabla hajaanza, kwa sababu kuna picha za kutaja na mchoro wa kunakili.

Dawa zote zitie kwenye mfuko uende nazo, pamoja na zile za kununua dukani. Piriton ya mafua, amitriptyline na diazepam zote huzubaisha mzee. Usizikatishe mwenyewe, daktari ndiye atakayepanga. Na ikiwa kuchanganyikiwa kumeanza ghafla, ndani ya siku mbili tatu, achana na kipimo umpeleke hospitali siku hiyo hiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, au sukari iliyopanda au kushuka. Sonona nayo huiga usahaulifu, hasa kwa aliyefiwa karibuni.

Omba nafasi ya asubuhi, awe amelala na amekunywa chai. Mwezi wa Ramadhani jambo hili lina uzito zaidi, maana mfungaji wa miaka 75 ikifika alasiri kichwa kimeshachoka. Usimfanyishe mazoezi ya maswali yenyewe. Alama zitapanda bila ubongo kubadilika, na ugonjwa wa mapema utapita bila kuonekana. Mwambie ukweli kwa upole: "Bibi, utaulizwa maswali, mengine mepesi, mengine magumu, na wengi huyakosa baadhi." Neno mtihani liache.

Lugha nayo. Anayeongea Kidigo au Kibondei nyumbani anaweza kuelewa Kiswahili cha sokoni na bado akapotea kwenye maelekezo marefu. Omba mkalimani ambaye si ndugu. Ndugu huongeza vidokezo bila kujijua.

Sasa saa, maana hapa ndipo wazee wetu wanapoonewa sana. Mpimaji husema: chora saa ya duara, tia namba zote, onyesha saa tano na dakika kumi. Jibu linalotarajiwa ni mshale mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Lakini wapo waliozoea saa iliyotegwa Kiswahili, saa tano ni namba 5. Huyo ataweka mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 2, na kwa desturi yake amepatia. Kosa la kutazamwa kwa makini ni mshale mrefu kwenye 10, kwa kuwa amesikia "kumi" akaifuata namba badala ya kuigeuza kuwa dakika. Muulize mpimaji mapema saa ipi anaitaka, naye amweleze mzee.

Tarehe ni hivyo hivyo. Mzee anayejua kwamba leo ni tarehe 12 ya Mfungo Sita lakini hajui tarehe ya kizungu hajapotea katika wakati. Omba jibu lake liandikwe pembeni kama alivyolisema.

Kwenye kutoa 7 kutoka 100 (93, 86, 79, 72, 65), kila hatua inahesabiwa peke yake. Akisema 92 kisha 85, ile ya pili ni sahihi. Asirudi nyuma, aendelee.

Maneno matano husomwa mara mbili, na kuyarudia papo hapo hakuna alama. Alama zipo baada ya kama dakika 5, bila kusaidiwa. Asipokumbuka, hupewa kidokezo. Kidokezo hakiongezi alama, ila kinasema mengi: neno likirudi, lilihifadhiwa ila kulitoa ndiko kugumu, lisiporudi kabisa, huenda halikuingia. Uliza lipi limetokea.

Ukiruhusiwa kuingia, kaa nyuma ya mzee asione uso wako. Zamu yako ni pembeni na daktari: ameanza lini, anarudia swali mara ngapi kwa siku, chenji inamshinda, amewahi kupotea akitoka msikitini Ngamiani kurudi nyumbani. Toa mifano, usiseme tu "anasahau".

Mpaka wa kawaida wa MoCA ni 26, na aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama 1. Kwa aliyeishia darasa la nne, au aliyesoma chuo cha Kurani kwa herufi za Kiarabu tu, alama hiyo moja haitoshi, na 19 peke yake si ugonjwa. Uliza kama kuna kipimo kisichohitaji kuandika. IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro, hutumia kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Kabla ya kuondoka omba nakala ya karatasi yenyewe, siyo jumla tu. Andika tarehe, saa aliyopimwa, lugha iliyotumika na kama alikuwa amefunga. Kikirudiwa baada ya miezi 6 au 12, omba toleo lenye maneno mengine, kisha ziwekwe saa mbili alizochora, ya kwanza na ya sasa, zitazamwe pamoja.