Kompyuta ikigoma kuwaka: mambo ya kuweka sawa kabla

Huku Arusha kompyuta ikigoma kuwaka wengi wanaibeba moja kwa moja mpaka kwa fundi mjini, na fundi mwenye haraka anakwambia hii tuipige Windows upya, unakubali, jioni unarudishiwa mashine inawaka vizuri kabisa ila picha za harusi na mahesabu yote ya duka hayapo. Inauma sana! Ndo maana nasema maandalizi yaanze leo ikiwa bado inawaka.

Mafaili kwanza. Kopi iwe kwenye hadidiski ya nje, na ukimaliza ichomoe uiweke kabatini, usiiache inaning'inia kwenye mashine maana umeme ukirudi vibaya vinaweza kuungua vyote viwili. Halafu angalia kama diski yako imefungwa na BitLocker, yaani kufuli la Windows linaloficha mafaili, laptopu nyingi za Windows 11 inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft na mwenye mashine hana habari. Ufunguo wake una tarakimu 48 na mara nyingi unakuwa kwenye hiyo akaunti, fungua uunakili kwa mkono kwenye daftari, kwa sababu mashine ikija kuuomba na huna, hata fundi bingwa hatoboi. Tafuta pia flashi ya GB 8 kwenda juu uweke kisakinishi cha Windows humo, Microsoft wanatoa bure, ila flashi yenyewe inafutwa yote.

Umeme unajua ulivyo, ukikatika chomoa, usisubiri urudi. Ekstensheni ya kawaida haizuii kitu, kwa kompyuta ya mezani jipange ununue UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika.

Sasa siku imegoma, tulia uangalie imegoma vipi. Kama hakuna taa wala feni, usiilaumu mashine bado, chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inaingiza, angalia LUKU, angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai, lile boksi linaloingiza umeme kwenye kompyuta ya mezani. Zile za zamani zilizotumika Marekani zingine zina kaswichi kekundu ka 115 na 230, kwetu lazima kawe 230, ukiwasha kakiwa 115 unaunguza. Na pawa saplai yenyewe usiifungue kabisa, ndani inabaki na umeme hata ukishachomoa. Laptopu chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 hivi, kisha rudisha chaja ujaribu.

Feni inazunguka ila kioo cheusi, au inapiga pii pii? Kaza waya wa kioo kwanza, kisha mshukiwa mkubwa ni RAM, kile kijibao cha kumbukumbu ya kompyuta, hasa kiangazi maeneo ya vumbi kama Sombetini. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili mwili uachie chaji, sukuma kwa nje vile vishikizo vya pembeni RAM itoke, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu halafu irudishe kwa kuikandamiza mpaka usikie inalia ka! Zikiwa mbili jaribu moja moja. Nimeona mashine iliyoandikiwa kubadilishwa ubao mzima ikapona hapo hapo. Saa nayo ikiwa inarudi nyuma kila ukizima, hiyo ni betri ndogo ya duara, CR2032, badilisha tu.

Inafika kwenye nembo ya Windows inaishia hapo, zima kwa kushikilia kitufe, rudia mara mbili tatu, itakuletea yenyewe ukurasa wa kujirekebisha, jaribu huo kabla ya mengine yote.

Ila ukisikia diski inagonga tk tk tk, zima na usiwashe tena, kila ukiwasha inazidi kuharibika. Hiyo kama huna kopi, mwambie fundi kabisa kabla hajashika bisibisi: mafaili yatolewe kwanza, Windows baadaye, na kwenye diski nyingine.