Jinsi ya kulinganisha wahusika wasaidizi na jamii zao kwenye Deep Space Nine bila kumgeuza mtu mmoja kuwa taifa zima

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alinitumia meseji saa nne usiku, anataka kuandika makala ya kulinganisha wahusika wa sirizi ya saifai na hajui aanzie wapi, ana kurasa kumi za noti na hakuna hata moja inayoongea na mwenzake. Tulikaa naye kwenye simu jioni tatu mpaka ikaeleweka. Naandika hapa njia yote tuliyopita, maana mi mwenyewe nilishaifanya kazi hii peke yangu na kuna hatua moja ilinilia karibu mwezi mzima.

Mfano wangu ni Star Trek: Deep Space Nine, misimu 7, ilianza kuruka Marekani Januari 1993 ikaisha Juni 1999. Naipendekeza kuliko zingine zote kwa kazi hii na sababu ni moja tu: kituo chao cha anga hakiendi popote. Kimekaa karibu na sayari ya Bajor, kwa hiyo watu wa jamii tofauti wanakaa nyumba moja kama wapangaji, wanakunywa baa moja, wanadaiana, wanaoana, wanakumbushana vita. Kwenye sirizi za meli inayosafiri unakutana na jamii leo na kesho imeshaachwa nyuma, hujapata hata muda wa kuwajua.

Hatua ya 1: Chagua wawili

Wawili tu. Binamu alikuja na sita, tukafuta wanne. Na wasiwe makamanda, chukua wale tuliofundishwa kwenye fasihi kuwaita wahusika wasaidizi. Quark mwenye baa jina lake lipo mwanzo wa kila epsodi, lakini mdogo wake Rom, mtoto wa Rom anayeitwa Nog, Garak fundi nguo, Damar, Martok, Weyoun, hawa wote ni wageni wanaorudi rudi na humo ndo kuna utajiri.

Hatua ya 2: Daftari, peni, na safu mbili

Najua watu wanapenda Excel na kuna wanaoweka rangi kila seli. Mi nakataa. Ukifungua jedwali kubwa utaanza kujaza vibox, dini: hivi, serikali: hivi, chakula: hivi, na mwisho una fomu ya sensa, huna makala. Chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili, kushoto andika mhusika ANASEMA nini kuhusu watu wake, kulia andika ANAFANYA nini. Pembeni ya kila mstari weka namba ya msimu na epsodi. Usiache hiyo namba hata ukichoka, utanishukuru ukifika hatua ya 4.

Na usisome muhtasari wa mtandaoni kabla hujaangalia. Zile kurasa za mashabiki zina taarifa nyingi sana ila zimeshakuamulia, zinakwambia "Ferengi ni wachoyo" (Ferengi ndo jamii ya kina Quark, watu wa biashara) na ukishasoma hivyo macho yako yataona uchoyo tu.

Hatua ya 3: Angalia epsodi zako

Washa subtaito, kaa na daftari, pozi pale panapohitajika. Kitu kimoja cha kuangalia: waigizaji wanajirudia wakiwa wamevaa sura nyingine. Jeffrey Combs anacheza Weyoun wa jamii ya Vorta na pia Brunt wa Ferengi, na Marc Alaimo kabla hajawa Dukat, kamanda wa Cardassia (taifa lililoitawala Bajor kimabavu), alishacheza Mcardassia mwingine kwenye The Next Generation, sirizi ya Star Trek iliyotangulia, mwaka 1991. Ukisikia sauti unaijua, angalia jina kwanza ndo uandike.

Hatua ya 4: Mtafutie kila mhusika ndugu anayempinga

Hapa ndo palinila mwezi. Nitakaa hapa muda mrefu na naomba usiruke.

Mara ya kwanza niliamua kulinganisha Ferengi na Cardassia. Nikamchukua Quark awe Ferengi, Garak awe Cardassia, nikaandika kurasa na kurasa, Ferengi wanaamini biashara, Cardassia wanaamini dola, kila kitu kimekaa vizuri. Nikamsomea huyu huyu binamu yangu, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kaka, kwani Rom na Nog sio Ferengi?" Nilinyamaza. Makala yote ilikuwa inasema kitu ambacho watu wawili wa familia moja na Quark wanakikanusha kila wakitokea.

Angalia mwenyewe. Ferengi wana Kanuni za Kuchuma 285, ya kwanza inasema ukishapata pesa ya mtu usiirudishe kamwe, na Quark anazitaja kama mtu anayenukuu wahenga. Lakini msimu wa 4 kwenye "Bar Association" Rom anawakusanya wafanyakazi wa baa ya kaka yake, anaunda chama cha wafanyakazi, kitu ambacho kwao ni marufuku, wanagoma. Mama yao Ishka, kwenye jamii ambayo mwanamke hatakiwi hata kuvaa nguo wala kuchuma faida, anavaa na anachuma kwa siri, ipo msimu wa 3, "Family Business". Nog msimu huo huo anaomba kuingia Starfleet, kikosi cha anga cha wanadamu na washirika wao, na anakuwa Ferengi wa kwanza huko. Sasa nani hapo ndo utamaduni wa Ferengi? Wote. Utamaduni ni ule ugomvi wa mezani kwao, sio upande mmoja wa meza. Na tazama sirizi inavyoisha, Rom ndo anakuwa Nagus Mkuu, yaani kiongozi wa Ferengi wote, huku Quark anaapa baa yake itabaki ngome ya mwisho ya Ferengi wa zamani. Kama ulimchukua Quark peke yake basi umeandika kuhusu mtu anayeomboleza dunia inayoondoka, ukaiita ndo dunia yenyewe.

Garak ni mgumu zaidi, na hapa tahadhari ziko tatu.

Ya kwanza, amefukuzwa kwao. Mtu aliye uhamishoni anakumbuka nyumbani kwa namna yake, anapenda zaidi na anachukia zaidi, kwa hiyo anachosema kuhusu Cardassia kiweke safu ya kushoto na usikihamishe kwenda kulia mpaka umuone Mcardassia mwingine anakifanya.

Ya pili, anadanganya, na kudanganya ni sehemu ya kazi yake ya zamani. Kwenye "The Wire", msimu wa 2, anamwambia daktari Bashir hadithi tofauti tofauti za kwa nini alifukuzwa, na kwenye hizo kuna mtu anaitwa Elim. Mwishoni Bashir anagundua kwamba Elim ni jina la Garak mwenyewe. Mi nilishaandika hadithi ya kwanza kama ukweli, nikajenga aya nzima juu yake. Kwa mhusika kama huyu usiandike "ilitokea hivi", andika "alichagua kusema hivi, kwa mtu fulani, siku fulani". Hadithi zote zile zina mtu aliyesalitiwa na mtu anayejuta, hicho ndo cha kuchukua.

Ya tatu, tafuta Mcardassia ambaye hana chochote cha kufanana naye. Nenda msimu wa 1, epsodi inaitwa "Duet". Kira, Mbajora aliyepigana na ukoloni wa Cardassia uliodumu karibu miaka 50, anamhoji mtu anayeaminika kuwa mkuu wa kambi ya mateso ya Gallitep. Anakuja kugundua kwamba yule ni karani tu, Marritza, aliyekuwa anatunza mafaili huku anasikia vilio usiku, na amejibadilisha sura ili ashitakiwe kwa niaba ya taifa lake, ili Cardassia ikubali ilichofanya. Garak anatumia uongo kujificha, Marritza anatumia uongo ili akamatwe. Ukiwaweka hawa wawili pamoja ndo unaanza kuona Cardassia, jamii ambayo ukweli wa mtu mmoja mmoja hauna mahali pa kukaa kwa hiyo unapita kwa mlango wa uongo. Hilo sikuliona kwa mwezi mzima nikiwa na Garak peke yake.

Tahadhari nyingine ambayo sio ya Garak ila inaingia hapa hapa: jamii zenyewe zilibadilishwa na waandishi njiani. Ferengi walitokea mara ya kwanza 1987 kwenye The Next Generation wakiwa maadui wa kutisha wenye mijeledi ya umeme. Wale sio Ferengi wa baa ya Quark hata kidogo. Ukichanganya noti za miaka hiyo bila kuweka namba ya epsodi utajikuta unatafuta maelezo ya tabia inayopingana na kumbe ni mwandishi amebadilisha mawazo. Ndo maana nilisema namba.

Kanuni yangu sasa hivi: sianzi kulinganisha jamii mbili kabla sijapata watu wawili wa kila jamii ambao wangegombana wakiachwa chumba kimoja. Wakikosekana, kwa mfano Jem'Hadar, askari wa Dominion (dola adui kwenye sirizi), ambao wengi wanaonekana wakiwa vitani tu, nasema wazi kwenye makala kwamba naongea kuhusu askari, sio jamii nzima.

Hatua ya 5: Uliza swali moja kwa wote

Swali liwe la maisha, sio la kuwapa maksi nani bora. Orodha za "kumi bora" siziwezi kabisa, zinaua mazungumzo. Mi nauliza: huyu anamdai nani, na anadaiwa na nani? Kwa Martok linafungua mengi, ni Klingon, jamii ya wapiganaji, aliyezaliwa maskini, na shujaa mzee Kor alimnyima nafasi ya uafisa kwa sababu ya ukoo wake. Klingon wanaimba heshima kila siku, na hapo unaona heshima hiyo ina mlango wa watu wa nasaba.

Hatua ya 6: Anza kuandika kwenye tukio walipogongana

Usianze na historia ya sayari. Tafuta sehemu wahusika wako wapo chumba kimoja. Binamu yangu mwishowe alichagua Kira na Damar afisa wa Cardassia, ingawa Kira sio mhusika msaidizi, na tukaanzia msimu wa 7, "Tacking into the Wind". Damar sasa amegeuka dhidi ya Dominion ambayo Cardassia ilikuwa imeungana nayo, na Kira ametumwa kumfundisha upinzani, yaani mbinu zile zile alizotumia kuwaua Wacardassia anawapa Wacardassia. Na Damar huyu ndo aliyemuua Ziyal, msichana ambaye Kira alimpenda kama mdogo wake. Inakuja habari kwamba mke na mtoto wa Damar wameuawa. Anasimama pale anauliza ni dola gani inayovumilia kuua wanawake na watoto wasio na hatia, ni watu gani wanatoa amri kama hizo. Na Kira anamjibu kwa swali lake mwenyewe, ndiyo Damar, ni watu gani hao?

Mara tu baada ya hapo Kira anajutia maneno yake, na Garak ndo anayemwambia kwamba Damar alihitaji kuyasikia. Mbajora, mzalendo wa Cardassia, na mhamishwa wa Cardassia, wote kwenye dakika mbili. Tulipozi hapo, binamu akaandika kurasa tatu bila kuniuliza kitu.