Jinsi ya kumsaidia mzungumzaji wa Kiamhari asikie "sport" na "support" kuwa maneno mawili

Nilipoanza kuwafundisha Waethiopia Kiingereza hapa Nairobi, kila mtu alipotamka "kilas" badala ya "class" nilimwambia arudie. Siku moja mwanafunzi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, si ndivyo nilivyosema?" Hakuwa mzembe, ndivyo alivyosikia. Tangu siku hiyo naanza na sikio, mdomo unafuata.

Hatua ya 1: Pima sikio. Funika mdomo wako kwa daftari. Tamka jozi: sport na support, blow na below, drive na derive, claps na collapse. Mara nyingine rudia neno lile lile. Mwanafunzi ajibu tu "sawa" au "tofauti". Asiandike, asitamke. Jozi anazokosa ndizo kazi yenu ya wiki.

Hatua ya 2: Mweleze chanzo. Kila herufi ya fideli, yaani mwandiko wa Kiamhari, ina maumbo 7. Umbo la 6 hubeba kazi mbili: konsonanti tupu, au konsonanti na irabu fupi, hafifu. Jicho halioni tofauti. Msomaji huijua kwa kulijua neno. Tena Kiamhari hakipendi konsonanti mbili mwanzoni mwa neno, kwa hiyo irabu ile hujipenyeza katikati. Penye s huweza hata kutangulia: kalamu huitwa iskribto. Sikio lililokulia humo husikia irabu hata pasipokuwa nayo. Ndiyo maana nawaomba wasiandike maneno ya Kiingereza kwa fideli daftarini.

Hatua ya 3: Ruka anayoyaweza. Mwishoni mwa neno Kiamhari kina konsonanti mbili: "and" ni moja, "wend" ni mwanamume. Basi "hand" haitamsumbua.

Hatua ya 4: Koo na kiganja. Hapa usiwe na haraka. Aweke vidole kooni mwako, nawe utamke "support" polepole: koo litatetema kidogo baada ya s, kabla ya p. Kwenye "sport" koo linatulia tangu s mpaka p iachiwe. Kisha aweke kiganja mbele ya mdomo wako: p ya "support" inapuliza, ya "sport" haipulizi. Watu wa Mombasa wataelewa mara moja, kwani ndivyo wanavyotenga paa la nyumba na paa wa porini.

Tumia pia kipaji alicho nacho tayari. Kiamhari hutenga "ale", alisema, na "alle", yupo, kwa urefu wa l peke yake, kwa hiyo sikio lake ni kali kwa urefu. Vuta s: "sssport". Mwambie asikilize s inavyoingia moja kwa moja kwenye p.

Hatua ya 5: Badilisha sauti. Rekodi watu watatu au wanne, wanawake kwa wanaume, urudie kipimo cha kwanza. Akipata jozi zote kwa sauti ngeni, ndipo atamke mwenyewe. Konsonanti tatu, kama za "street", zisubiri.