Ukitafuta okidi za mwituni Uingereza, anza na udongo

Kabla ya kutafuta ua, tafuta udongo wa chokaa. Juni hadi Julai, pita kwenye miteremko yenye nyasi fupi kama ya North Downs, safu ya vilima katika Kent na Surrey, hata kwenye machimbo ya chokaa yaliyoachwa. Huko huota Ophrys apifera, okidi ya ajabu kweli: mdomo wake (petali ya chini) wa kahawia wenye manyoya hufanana na nyuki aliyetua.

Usichume. Piga picha ya ua kwa mbele na ubavuni, kisha majani ya chini kabisa, ambayo wengi huyasahau na utambuzi ukakwama hapo. Sarafu kando ionyeshe ukubwa. Kung'oa mmea wowote wa mwituni bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea ya mwituni. Na tazama unapopiga magoti, mimea michanga isiyo na maua huwa karibu.