Lenzi ya nebula ijaribu kwa nyota kabla ya kulipa

Ukitaka lenzi ya mtumba ya mm 135 au 200 ya kupigia picha nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), usiipime kwa ukuta wala uso wa mtu. Mwombe muuzaji mkutane usiku. Kamera kwenye stendi, tundu la mwanga la lenzi wazi hadi mwisho, fokasi kwa mkono huku umeikuza nyota kwenye skrini, kisha piga nyota moja angavu mara tano: katikati na kila pembe ya picha. Nyota ni nukta tupu ya mwanga, haifichi kosa. Ikiota mabawa sawasawa kwenye pembe zote nne, si neno: punguza tundu kutoka f/2 hadi f/2.8 (namba ikipanda, tundu hupungua) na mara nyingi hutulia, ingawa unapoteza nusu ya mwanga. Pembe moja tu ikiharibika, huenda vioo vya ndani vimekaa upande. Hiyo mimi naiacha hata kwa bei ya kutupa. Zambarau kidogo kuzunguka nyota inavumilika.

Jaribio hudanganya ukiacha shata (pazia la kamera) wazi muda mrefu, maana anga inazunguka na nyota huwa vistari. Kwa mm 135, nusu sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200 zinatosha. Tumia nyota za Msalaba wa Kusini badala ya mkanda wa Orion, zile nyota tatu zilizopangana. Msalaba unasogea kwa karibu nusu ya kasi ya mkanda huo. Na kama utatumia adapta, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera, njoo nayo: iliyopinda huharibu upande mmoja vilevile, ukailaumu lenzi bure.