Jinsi ya kujadili ununuzi wa mchezaji bila kupigwa mezani

Klabu nyingi za Ligi Kuu ya Tanzania zikikaa mezani kununua mchezaji hubishania bei tu. Pesa nyingi zaidi huvujia kwenye ratiba ya malipo na maneno ya mkataba, na huko ndiko mjadiliaji mzuri anakoelekeza nguvu zake.

Hatua ya 1: Hesabu miezi iliyobaki

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, kisha anaondoka bure mkataba ukiisha. Clatous Chama alitoka Simba kwenda Yanga Julai 2024 kwa mtindo huo, mkataba wake ulipomalizika. Aliyebakiza miaka miwili, muuzaji ndiye mwenye nguvu. Aliyebakiza miezi minane, kila wiki inayopita inakusogezea nguvu wewe. Neno la wakala kuhusu tarehe halitoshi. Omba uione kwenye nakala ya mkataba, na uangalie kama kuna kipengele cha kuongeza mwaka na nani mwenye haki ya kukitumia.

Hatua ya 2: Andika kikomo kabla ya simu ya kwanza

Kamati ya usajili iandike dau la kuanzia, kikomo, na majina mawili mengine ya nafasi hiyohiyo. Usipokuwa na mbadala, muuzaji atakugundua mapema sana. Kikomo kibebe gharama zote: ada ya uhamisho, fedha ya usajili, mishahara ya miaka yote, kodi, nyumba, tiketi na malipo ya wakala.

Kisha teua mtu mmoja wa kuzungumza. Hapa klabu zetu zinaumia kweli: mwenyekiti anapiga simu, mfadhili anapiga yake, mjumbe anamtafuta mchezaji usiku. Muuzaji anasikia madau matatu, analishika lililo kubwa.

Hatua ya 3: Barua kwa klabu yake kwanza

Maadamu mkataba wake haujaisha, lazima uiandikie klabu yake kabla ya kuongea na mchezaji. Kumshawishi avunje mkataba mwenyewe ni njia ndefu. Feisal Salum alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022 kwa kurudisha fedha kwenye akaunti ya klabu; TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alijiunga na Azam Juni 2023, klabu mbili zilipoelewana.

Hatua ya 4: Vunja bei vipande

Tuseme muuzaji wa nje ya nchi anataka dola 100,000 na kikomo chako cha ada ni 80,000. Usimpandie dola elfu tano tano. Mpe 60,000 za uhakika, 20,000 zenye masharti (kwa mfano 10,000 akifikisha mechi 20 za ligi na 10,000 mkifuzu makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika), na asilimia 15 ya mauzo ya baadaye.

Hiyo asilimia andika "ya faida". Ukimnunua kwa 80,000 ukamuuza kwa 200,000, asilimia 15 ya bei nzima ni dola 30,000. Ya faida ni 18,000. Neno moja limekuokolea 12,000.

Angalia pia mchango wa mshikamano. Kwa uhamisho wa kimataifa, asilimia 5 ya ada huenda kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, na inakatwa ndani ya ada. Muuzaji akisema anataka 80,000 "safi mkononi", anakuomba ulipe takriban 84,210. Mkataba useme waziwazi kwamba ada imejumuisha mchango huo.

Awamu ya kwanza ilipwe baada ya hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, kutolewa. Awamu nyingine zifuate pesa zinavyoingia: mgao wa haki za matangazo, mdhamini, viingilio. Ukiahidi kulipa wakati ligi imesimama na mlangoni hakuna kitu, umejifunga mwenyewe.

Hatua ya 5: Mshahara

Uliza mapema: kabla ya kodi au mkononi? Mchezaji mkazi wa Tanzania anayetaka shilingi 10,000,000 mkononi anaigharimu klabu takriban 14,040,000, kwa sababu kila shilingi inayozidi 1,000,000 kwa mwezi inakatwa asilimia 30. Hapo michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haijaguswa.

Hatua ya 6: Vipimo, saini, mfumo

Vipimo vya afya vitangulie saini. FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba utegemee vipimo wala kibali cha kazi. Ukisaini kisha ukagundua goti bovu, huyo ni wako.

Kwenye TMS, mfumo wa FIFA wa mtandaoni wa uhamisho wa kimataifa, klabu zote mbili huingiza taarifa, na zisipolingana uhamisho unakwama. Sarafu, tarehe za awamu, mpangilio wa majina kama yalivyo kwenye pasipoti: zisomeni pamoja kwa simu kabla ya kuthibitisha, tena siku kadhaa kabla ya dirisha kufungwa.

Pakia uthibitisho wa kila malipo. Awamu ikichelewa zaidi ya siku 30, muuzaji anaweza kukuandikia notisi ya angalau siku 10 na kukushtaki FIFA, na adhabu inaweza kufika kufungiwa usajili kwa madirisha matatu. Ukiona pesa haitatimia, mwandikie kabla ya tarehe kufika uombe ratiba mpya, na makubaliano yasainiwe na pande zote mbili.